Maisha ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mwalimu na Mwandishi wa Khabari za Maulamaa

 

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mrima, mtu akishika ile njia ya zamani ya misafara, akaondoka Bagamoyo, akapita Tabora, akazidi kuelekea machweo ya jua, mwisho wa safari yake hufika Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko atakuta mji ambao hatauona kuwa mgeni kwake. Ataona misikiti na miembe, atasikia Kiswahili, na atakuta watoto wanasoma chuoni kama wasomavyo watoto wa Lamu na wa Mombasa. Watu wa pwani walikuwako Ujiji kabla ya Burton na Speke kufika huko mwaka 1858, nao ndio waliofikisha dini ya Kiislamu katika ukingo ule. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, dini ilikuwa imekwisha tia mizizi zamani.

Lakini msafiri huyo akikaa barazani baada ya sala ya alasiri, akataka kujua ni nani waliosomesha mahali pale tangu mwanzo, walisoma kwa nani, walisomesha vitabu gani, walikufa mwaka gani na makaburi yao yako wapi, atapata majina machache na khabari chache. Mengi yamekwenda pamoja na waliokuwa wakiyajua. Walimu wale walifanya kazi kubwa, wakafundisha herufi, wakafundisha udhu na sala, wakatia Kiswahili midomoni mwa watu, kikavuka ziwa mpaka Burundi na Kongo. Na juu ya hayo, hawakuandikwa.

Na hasara hii si ya Ujiji peke yake. Ilikuwa tayari kuipata pwani yetu nzima, lau Mwenyezi Mungu asingaliijaalia mtu aliyeiona mapema akashika kalamu. Mtu huyo ni Sheikh Abdallah bin Saleh Farsy, rahimahullah, na maisha yake ndiyo tunayotaka kuyaeleza katika kijitabu hiki, kwa ufupi na kwa kadiri ya uwezo wetu.

Kuzaliwa kwake na masomo yake

Sheikh Abdallah alizaliwa Unguja mwaka 1912. Wakati ule Unguja ilikuwa ndiyo shina la elimu ya dini katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Wanafunzi walikuwa wakija kutoka Barawa, Lamu, Mombasa, Kilwa na Ngazija, wakakaa katika darsa za mji miaka na miaka, kisha wakarudi makwao wakiwa walimu. Wakubwa wa elimu ile walikuwa wawili: Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, na Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860. Watu hawa wawili walikuwa marafiki katika maisha yao yote, na Mwenyezi Mungu akawachukua wote wawili katika mwaka mmoja, mwaka 1925.

Abdallah mdogo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu zilipotoka jeneza zile mbili. Hakuwahi kuwa mwanafunzi mkubwa wa masheikh wale wawili, bali aliwahi kukua katika mji uliojaa wanafunzi wao. Jambo hili yataka mtu alizingatie, kwa sababu ndilo lililoelekeza maisha yake. Alikuwa mtoto wa kizazi kilichokuja baada ya wakubwa, kizazi kinachosikia sifa zao kila baraza, na kinachoona kwamba kila mwaka mmoja wa wenye kuzieleza sifa zile anakufa.

Kurani aliisoma chuoni kwa mwalimu mwanamke, Bi Fatma bint Hamid, kama walivyosoma watoto wengi wa mji kwa bibi wenye elimu, ambao kazi yao haikuwa ikitajwa sana vitabuni. Kisha akaingia katika darsa za wanaume wa elimu. Miongoni mwa walimu wake walikuwa Sheikh Ahmad bin Muhammad Mlomry, na Sheikh Abubakar, mwana wa Sheikh Abdallah Bakathir, na Sayyid Omar, mwana wa Sayyid Ahmad bin Sumait. Basi ikawa elimu ya wale wazee wawili imemfikia kwa mikono ya watoto wao.

Lakini pamoja na darsa za msikitini, alisoma pia skuli ya serikali, akajifunza hesabu na jografia, na kuandika kwa herufi za Kizungu. Katika siku zile wako wazee walioichukia skuli, wakidhani kuwa itawatoa watoto katika dini. Na wako vijana wa skuli waliozidharau darsa, wakidhani kuwa ni mambo ya kale. Sheikh Abdallah hakuwa katika wale wala katika hawa. Alikwenda skuli, na alikwenda darsani, na hakuona kuwa moja lamzuilia jingine.

Kazi yake ya ualimu

Mwaka 1933 alianza kazi ya ualimu katika skuli za serikali za Unguja. Kazi hii aliifanya kwa muda wa miaka mingi. Msomaji asidhani kuwa ualimu wa skuli ya watoto ni jambo dogo katika maisha ya mwanachuoni. Mwenye kusomesha wakubwa husema apendavyo, na wanafunzi hujitahidi wenyewe kumfahamu. Ama mwenye kusomesha watoto hana budi kulichukua jambo zito akalivunja vipande vipande, akatafuta neno wanalolijua, akalirudia kwa njia nyingine wasipofahamu, na wala asikasirike. Mwalimu wa namna hii hujifunza kwa watoto jambo ambalo halimo katika vitabu, nalo ni kuwa elimu isiyofahamika ni kama haikusomeshwa.

Athari ya kazi hii yaonekana katika kila alichokiandika baadaye. Vitabu vyake ni vya mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao. Sentensi zake ni fupi. Neno la Kiarabu akilitumia hulieleza pale pale. Akitaja jina la mtu hutaja na miaka yake. Na akihofu kuwa msomaji atachanganyikiwa, humkumbusha aliyoyasema nyuma.

Baada ya kusomesha muda mrefu alipewa kazi ya kukagua masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba. Kazi hiyo ilimtoa mjini ikampeleka mashamba na visiwani, akaona jinsi walimu wanavyosomesha na jinsi watoto wanavyofahamu au wasivyofahamu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akawa mkuu wa skuli iliyokuwa ikisomesha kwa lugha ya Kiarabu. Mwaka 1960 akafanywa kadhi wa Unguja. Basi mtu aliyeanza kwa kuwafundisha watoto alif na be, akafika kukata hukumu za ndoa, talaka na mirathi baina ya wazee wao.

Kuandika khabari za maulamaa

Sasa twafika katika jambo ambalo kwa ajili yake tumekitunga kijitabu hiki. Tangu angali mwalimu wa skuli, Sheikh Abdallah alikuwa akichunguza tarikhi. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha ya Sayyid Said bin Sultan, yule aliyeufanya mji wa Unguja kuwa makao ya dola yake. Mwaka 1944 akatoa kitabu kingine, cha maisha ya Imam Shafi na ya wanavyuoni wakubwa wa Afrika ya Mashariki. Kitabu hiki ndicho alichokikuza baadaye, kikapigwa chapa Mombasa mwaka 1972 kwa jina la Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika.

Watu wengi kabla yake walikuwa wakiwasifu maulamaa. Sifa hizo zilikuwa za karama na baraka, na mwenye kuzisikia alifurahi, lakini hakuweza kujua mtu yule aliishi lini wala alisoma nini. Sheikh Abdallah alishika njia nyingine. Aliuliza kwa watoto wa marehemu na kwa wanafunzi wao, akatafuta mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Akataka kujua mtu huyu alisoma kwa nani, vitabu gani, katika mji gani. Kisha ni nani waliosoma kwake. Akaandika ni nani waliokuwa makadhi, walisafiri wapi, waliacha watoto gani, na walizikwa wapi. Hivyo kila mtu katika kitabu chake amefungamana na aliye mbele yake na aliye nyuma yake kama pete za mnyororo.

Kwa njia hiyo twamjua Sheikh Muhyiddin wa Barawa, aliyekuwa kadhi katika zama za Sayyid Said. Twamjua Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani, naye vile vile wa Barawa, aliyefanywa kadhi wa Kilwa angali kijana sana, kisha akawa kadhi wa Unguja mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1896. Twamjua Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1894 akamwacha mwanawe Al-Amin angali mtoto mchanga. Na mtoto yule akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwandishi aliyewaandikia Waislamu kwa Kiswahili, mpaka alipokufa mwaka 1947.

Wenye elimu ya tarikhi walipokuja kutafuta khabari za dini katika pwani yetu, wao pia hawakuweza kukipita kitabu hiki. Mwaka 1989 mwanachuoni wa Marekani, Randall Pouwels, alikitia katika Kiingereza kikapigwa chapa Wisconsin. Basi kazi iliyofanywa na mwalimu wa skuli, kwa kuwauliza wazee mmoja mmoja, imekuwa chimbuko wanaloliendea watu wa vyuo vikuu.

Tafsiri ya Kurani

Kazi yake iliyoenea zaidi ya zote ni tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Kabla yake Kurani nzima ilikuwa imekwisha kutiwa katika Kiswahili mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi ya padri Godfrey Dale wa misheni ya Unguja, mwaka 1923. Ya pili ilitolewa Nairobi mwaka 1953 na Sheikh Mubarak Ahmad wa jamaa ya Ahmadiya, ambaye alipata kukaa Tabora, katika njia hiyo hiyo iendayo Kigoma. Maulamaa wa Kisunni hawakuridhika na hizi zote mbili. Sheikh Al-Amin alikuwa ameanza tafsiri yake, akafa kabla ya kuimaliza.

Sheikh Abdallah akaingia katika kazi hii kwa njia ya kialimu. Katika miaka ya 1950 alianza kutoa sehemu moja baada ya moja, kila ilipokuwa tayari. Mwaka 1969 ikatoka nzima, ikipigwa chapa na Islamic Foundation ya Nairobi, kwa jina la Qurani Takatifu. Maneno ya Kiarabu yamewekwa upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, na maelezo chini yake, ili mtu asome asili na maana katika ukurasa mmoja.

Fikiri, ewe ndugu msomaji, faida ya jambo hili kwa mtu aliye mbali na pwani. Kijana wa Unguja akishindwa na aya aweza kuvuka njia akamwuliza sheikh. Lakini mvuvi wa kijiji cha ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, au mfanya biashara aliyehamia Bujumbura, ambaye Kiarabu chake ni kile cha kusalia tu, atamwuliza nani? Mtu huyo Kiswahili anakijua, kwani ndiyo lugha ya soko lake na ya msikiti wake. Kitabu kikija kwa Kiswahili, mwalimu amemfikia hata kama hakupanda reli wala meli.

Kenya, na mwisho wa maisha yake

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 hali ya Unguja ilibadilika sana, na watu wengi wa elimu wakatawanyika. Mwaka 1967 Sheikh Abdallah naye akaondoka. Mwaka 1968 akafanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, mahali pa Sheikh Muhammad Qasim Mazrui, naye ni mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin. Kazi hiyo akaifanya mpaka mwaka 1981, huku akizidi kusomesha na kuandika. Kisha akahamia Omani, na huko Maskati akafariki mwezi wa Novemba mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka sabini.

Hatupendi kuficha kwamba kalamu yake ilikuwa kali. Katika miaka ya baadaye aliandika sana juu ya bidaa, akakataza mambo ambayo watu wengi, na baadhi ya masharifu na masheikh wakubwa, waliyaona kuwa ni mema. Maneno yakawa mengi baina yao, na wako waliomkasirikia mpaka kufa kwake. Sisi hatumo katika kuhukumu baina yao. Twasema tu kwamba wale wale waliompinga katika fatwa hawakuacha kukitumia kitabu chake cha maulamaa, kwa sababu humo mna baba zao na walimu wao.

Mafunzo ya maisha haya

Sasa turudi Ujiji tulikoanzia. Tazama jina alilolichagua Sheikh Abdallah kwa kitabu chake. Hakukiita Wanavyuoni wa Mashariki ya Afrika, bali amesema Baadhi. Alijua kuwa hakuwaandika wote. Wengi wa aliowaandika ni watu wa pwani na visiwa, kwani ndiko alikokaa na ndiko alikoweza kuuliza. Neno lile baadhi ni adabu ya mwanachuoni, tena ni deni aliloliacha juu ya waliobaki.

Watu wa Kigoma wana mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 1915 Wajerumani walishusha meli katika ziwa lile, jina lake Graf von Götzen. Mwaka 1916, walipoona kuwa hawana budi kuukimbia mji, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Ikakaa chini ya maji miaka. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikachukua watu na mizigo katika ziwa lile kwa miaka mingi. Lau isingalipakwa mafuta, wangaliopoa chuma kibovu.

Basi kuandika ndiyo mafuta yale. Mtu hufa, na hapana wa kuzuia mauti. Lakini mwalimu aliyeandikwa jina lake, na walimu wake, na vitabu vyake, na wanafunzi wake, huweza kuopolewa baada ya miaka mia, akarudi kufanya kazi katika nyoyo za watu. Na asiyeandikwa, aliyesikia khabari zake akifa, amekwisha zama pamoja na mitambo yake.

Kazi hii haihitaji mtu mkubwa. Sheikh Abdallah hakungoja kuwa kadhi ndipo aandike. Alipotoa kitabu cha mwaka 1944 alikuwa mwalimu wa skuli, na umri wake ulikuwa miaka thelathini na miwili. Yataka daftari, na kalamu, na adabu ya kukaa mbele ya mzee na kumsikiliza mpaka amalize. Yataka kuuliza mwaka, na mtu akisahau mwaka, kuuliza jambo lililotokea mwaka ule: Je, ilikuwa kabla ya reli au baada yake? Kabla ya vita vya Wajerumani au baada yake? Na yataka uaminifu, mtu aandike aliyoambiwa, wala asijaze kwa kubuni pale asipojua.

Na sisi watu wa pwani tusidhani kuwa jambo la Ujiji halituhusu. Waliosomesha ukingo ule wa ziwa, wengi wao walitoka kwetu. Walitoka katika nyumba zetu, wakaaga, wakashika njia ya Tabora, na wengine hawakurudi. Huenda katika masanduku yetu mna barua zao. Huenda bibi mmoja katika mtaa wako anajua jina la babu yake aliyekwenda bara kusomesha akafia huko. Muulize leo, kwa maana bibi huyo ni mzee.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na awarehemu walimu wake, na walimu wa Ujiji na wa ukingo wote wa Ziwa Tanganyika, wale tunaowajua na wale tusiowajua. Atujaalie tuwe wenye kulipa deni lao. Amin.